Katiba Yenye Kufuli

Wako Waamerika washikao desturi za kale, wasemao: katiba ni ya kumfunga mtawala mikono. Yao iliandikwa mwaka 1787, na kuibadili kwahitaji theluthi mbili za kila baraza la Bunge, tena robo tatu za majimbo. Ndiyo maana imeongezewa vifungu 27 tu.

Na sisi je? Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 tuliipigia kura, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa jimbo lenye serikali yake. Lakini tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa utawala. Mwaka 1966 jimbo letu likafutwa, naye akatawala hadi 1997.

Basi walioandika katiba ya mwaka 2006 wakatia kufuli: kifungu cha 220 kikakataza kugeuza hesabu na urefu wa vipindi vya Rais. Kufuli peke yake halikutosha. Watu walidai sheria ifuatwe. Maaskofu wakasimamia mapatano ya 31 Desemba 2016. Na mwaka 2018 Joseph Kabila hakugombea tena.

Nyumba hulindwa na kufuli, na wenye nyumba walio macho.