Gesi Iliyoishinda Katani

Katika mijadala ya darasani kuhusu uchumi wa nchi yetu, swali la mkonge hujibiwa haraka kuliko mengine. Mmoja husema Azimio la Arusha ndilo lililoua mashamba. Mwingine husema ni plastiki. Kisha kila mmoja huketi akiwa ameridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu ni nadra mtu kuuliza kwanza kamba ya plastiki ilitengenezwaje, na unafuu wake ulitoka wapi.

Nianze na katani. Ukisimama Irente, juu ya Lushoto, unaitazama tambarare ya Mazinde chini ya miguu yako, na mistari ya mkonge. Dakt. Richard Hindorf aliuleta mmea huo mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Lakini ardhi na reli havikutosha kuifanya katani iwe na faida. Katika wilaya ya Wilhelmsthal, ndiyo Lushoto ya leo, Wajerumani waliwagawia wanaume kadi za kazi: siku 30 za kumtumikia mlowezi katika kila miezi minne. Baadaye, chini ya Waingereza, manamba waliletwa kutoka mbali, wakiwemo watu wa Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Bei ya katani sokoni ilisimama juu ya migongo hiyo.

Na kazi yenyewe haina njia ya mkato. Mche hukaa shambani miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Majani hukatwa kwa mkono na kupelekwa korona, ambako hupondwa na kuoshwa kwa maji mengi. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, hufungwa robota. Katika tani 100 za majani hupatikana tani nne hivi za katani. Zilizobaki ni maji na makapi.

Sasa mpinzani wake. Mwaka 1954, mjini Milano, mkemia Giulio Natta alitumia kichocheo kilichotokana na ugunduzi wa Mjerumani Karl Ziegler, akaunganisha molekuli za gesi ya propilini zikawa plastiki ngumu: polipropilini. Kufikia mwaka 1957 kiwanda cha Montecatini kilikuwa kikiizalisha huko Ferrara. Propilini hutoka katika usafishaji wa mafuta, pamoja na petroli na bidhaa nyingine, kwa hiyo gharama yake ilikuwa imeshalipwa kwa sehemu na mwenye gari. Plastiki huyeyushwa, hutandazwa kuwa utando, hukatwa mikanda, huvutwa kwa joto ili ipate nguvu, kisha husokotwa. Mashine haingoji mvua. (Gesi hiyohiyo ina watoto wengine: ikiunganishwa na benzini huishia kutoa fenoli na asetoni, na asetoni hiyo, baada ya kupitia sianidi na methanoli, huwa kimiminika kinachogandishwa kati ya vioo viwili. Hilo ndilo bamba la akriliki, ambalo Otto Röhm wa Darmstadt alilipa jina la Plexiglas mwaka 1933, na ambalo leo hubeba vyeo vya wakubwa kwenye milango ya ofisi zetu.)

Hoja yangu iko katika muda. Mwenye kiwanda akiona bei inashuka, hupunguza uzalishaji wiki hiyohiyo. Aliyepanda mkonge kwa kutegemea bei nzuri za mwaka 1963 alianza kukata mwaka 1966, katika soko jingine kabisa. Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000 mwaka 1964, kilele chetu, na bei zikaanza kuporomoka wakati huo. Dola ilipotwaa sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, ilirithi mali ambayo wanunuzi wake walikuwa wameshaanza kuikimbia.

Lakini Azimio halitoki mikono mitupu. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda, na kufikia Januari 1974 ilikuwa karibu mara nne. Plastiki ikawa ghali, na bei ya katani ikapaa. Ilikuwa nafasi ya dhahabu, nasi hatukuwa na majani ya kutosha ya kukata, maana katika miaka ya bei mbaya upandaji mpya ulizembewa. Hapo lawama haiwezi kubebwa na gesi peke yake. Brazil na Kenya zilishindana na plastiki ileile. Brazil ikatupita, na sisi tukashuka hadi tani 20,000 hivi katika miaka ya 1990. Shilingi iliyothaminishwa kupita kiasi, vipuri vya korona visivyopatikana, mameneja waliowajibika kwa wizara kuliko kwa shamba: haya yanapaswa kuandikwa katika ukurasa uleule na Natta.

Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki. Marufuku hiyo haikugusa gunia la polipropilini. Viazi vya Lushoto bado vinateremka kwenye kona za barabara ya Soni ndani ya magunia hayo, vimejazwa lumbesa na kushonwa kwa kamba ya plastiki, na lori likifika Mombo linakata kona kuelekea Korogwe, likipita kando ya mashamba ya mkonge.