Shamba la Holaria

Kwetu Kagera mwanamke alilima shamba la ukoo na kula ndizi zake, ila kuliuza asithubutu. Mwaka 1963 serikali yenyewe iliyaandika hayo katika kanuni za urithi zilizokusanywa kutokana na mila: kanuni ya 20 ilimpa matumizi bila umiliki, labda ukoo uwe hauna mwanamume hata mmoja.

Angelalamika wapi? Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na hati ya haki za binadamu. Viongozi wa TANU waliikataa: nchi changa ina kazi ya kujengwa, isije ikakwamishwa mahakamani. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwashtaki, na waliokamatwa hawakuwa na ibara ya kuitegemea.

Haki ziliingia katika Katiba kwa marekebisho ya 1984. Hata hapo serikali ilijipa miaka 3 ya kusafisha sheria zake kabla haijashtakiwa, na haikusafisha cha maana. Muda uliisha Machi 1988.

Agosti 24 mwaka huohuo, Holaria Pastory, bibi mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Bei, shilingi 300,000. Kesho yake tu mpwa wake alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. (Nawajua watu wetu, kwa ardhi hatulali.) Kashasha ikabatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikayathibitisha, mpwa akakata rufaa Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kanuni ya 20 ni ubaguzi, na kwamba mwanamke anauza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba, na ulikomboe kwa 300,000 zilezile, kama ambavyo ungelikomboa kaka mtu angeliuza. Sehemu hiyo ndiyo niipendayo: mila ya kukomboa aliiacha hai, akamwingiza Holaria ndani yake.

Wanaodhani hati ya haki ni mali ya wanasiasa wa Dar es Salaam waisome hukumu hiyo. Wasome na ya 2006, pale wajane wawili wa Kisukuma, waliofukuzwa majumbani mwao na wakwe, walipozipeleka kanuni za urithi Mahakama Kuu. Mahakama ilikubali kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Katiba iliyokuwa mbele yake ni ileile aliyoishika Mwalusanya.