Ortansia ya mama Taki: ua linaishi miaka ngapi?

Ortansia ya mu parseli inaishi miaka ngapi? Wenye kujua bustani wanajibu: ikitunzwa vizuri, inaweza kupita miaka 50. Lakini kule Japani, asili yake, historia inatupatia jibu lingine.

Mwaka 1823 muganga Mujerumani, Philipp Franz von Siebold, alifika Nagasaki. Alitumika ku Dejima, kisiwa kidogo ambapo Waholanzi walikuwa na ruhusa ya kufanya biashara. Akaishi na mama mumoja Mujapani, Kusumoto Taki, na mwaka 1827 wakazaa binti, Ine. Kisha wakuu wakagundua kwamba muganga ana ramani za inchi, kitu kilichokatazwa kabisa kwa mugeni. Mwaka 1829 wakamufukuza. Mama na mutoto wakabaki.

Kule Ulaya Siebold aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea ya Japani. Ortansia moja akaiita Hydrangea otaksa. Kwa heshima, mama yule aliitwa O-Taki-san. Litamke mbio-mbio, utasikia Otaksa.

Baadaye wataalamu hawakulikubali jina lile, juu Muswidi Thunberg alikuwa ameisha kuandika habari za mumea huo mwaka 1784. Mu vitabu vya sayansi jina likaanguka. Mu bustani halikuanguka: mpaka leo kuko aina ya ortansia inayoitwa Otaksa.

Namna gani? Matawi ya ortansia yanazeeka na kukauka, lakini chini ku shina yanatoka mengine mapya. Tena ukikata tawi changa na kulipanda mu udongo wenye unyevu, linaota mizizi. Ile si mutoto wa mumea, ni mumea ule ule unaendelea. Kichaka kinakufa, mumea unahamia pengine.

Mwaka 1859, kisha miaka 30, Siebold alirudi Japani. Akawakuta Taki na Ine wangali wazima. Ine alikuwa amejifunza uganga, mumoja wa wanawake wa kwanza wa Japani kufanya uganga wa Kizungu.

Basi, kama mu parseli ya wazazi kuko ortansia ya zamani na nyumba inauzwa, tusilie kichaka. Tukate tawi mbele ya kutoa ufunguo.