Themeda

Themeda (Themeda triandra) ni nyasi ya kudumu inayotawala sehemu kubwa ya nyanda za malisho za Afrika Mashariki. Huota pia Afrika Kusini, Uarabuni, Asia na Australia. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliieleza kwa mara ya kwanza kisayansi kutokana na safari yake ya Yemen, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1775, miaka 12 baada ya kifo chake. Katika Afrika Mashariki imeenea Serengeti, Maasai Mara, nyanda za Athi na Kapiti, Laikipia na Akagera.

Umbo na uzazi

Themeda huota kwa mashina mengi yaliyosongamana kwenye kitako kimoja, na huweza kupita kimo cha mita 1. Majani yakikomaa hugeuka rangi ya kutu, ndiyo maana mbuga zake huonekana nyekundu wakati wa kiangazi. Mbegu ina unywele mgumu, mrefu, uliosokotwa. Unywele huo ukipata unyevu hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena, na kwa mizunguko hiyo mbegu hujichimbia ardhini. Mbegu iliyoanguka karibuni haioti upesi. Hulala kwa miezi kadhaa hata mvua ikinyesha.

Thamani ya malisho

Ubora wa themeda hutegemea umri wake. Machipukizi ya mwanzo wa mvua ni laini, ng'ombe huyapenda, na protini ghafi yake huweza kukaribia asilimia 10 ya uzito mkavu. Mashina yakishatoa maua na kukauka, kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5. Vijidudu vinavyomeng'enya majani tumboni mwa mnyama anayecheua huhitaji takriban asilimia 7. Kwa hiyo ng'ombe anayelishwa themeda kavu peke yake hukonda ingawa malisho ni tele, na huhitaji kuongezewa mashudu au majani ya jamii ya mikunde.

Wanyamapori wa Serengeti hugawana nyasi kwa zamu. Pundamilia hula mashina marefu yaliyokomaa, nyumbu hufuata majani yaliyofunuliwa, kisha swala tomi huchagua machipukizi yaliyobaki chini.

Kuliwa mno na kuachwa mno

Shina la themeda linaporefuka, ncha yake ya kukulia hupanda juu na kuwa rahisi kuliwa. Likikatwa mara kwa mara bila kupumzika, mizizi hupungua na kitako hufa. Nafasi yake huchukuliwa na nyasi zisizo na manufaa makubwa, kama Aristida, au Pennisetum mezianum yenye mashina magumu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Lakini themeda isiyoliwa wala kuchomwa kwa miaka mingi hudhoofika vilevile, kwa kuwa majani makavu hulundikana na kuyanyima machipukizi mwanga.

Moto

Moto huondoa majani hayo makavu yaliyolundikana na kupunguza vichaka. Wakati unaofaa ni mwisho wa kiangazi, kabla tu ya mvua, nyasi zikiwa zimelala na macho ya kuchipua yamehifadhiwa kwenye kitako. Kuchoma nyasi zikiwa zimeanza kukua huua machipukizi. Eneo lililochomwa lisiingizwe mifugo hadi majani yafikie takriban sentimita 15, na malisho yote yasichomwe ndani ya mwaka mmoja, ili ibaki akiba.

Utaratibu wa kulisha

Kanuni inayofaa ni kutumia nusu ya majani na kuiacha nusu. Kwa mfano, hekta 1 ikitoa kilo 3,000 za malisho makavu kwa mwaka, zinazoweza kuliwa ni 1,500. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6.25 kwa siku, hivyo hekta hiyo humtosha siku 240. Kwa mwaka mzima anahitaji takriban hekta 1.5. Mwaka wa mvua haba mifugo hupunguzwa mapema, kabla malisho hayajaisha.

Malisho hugawanywa katika vitalu vinavyoliwa kwa zamu, na kila baada ya miaka michache kitalu kimoja hupumzishwa msimu mzima wa mvua ili nyasi zitoe mbegu na kujaza mizizi. Wafugaji wa asili wana desturi hiyo tangu zamani: Wamaasai hutenga alalili, na Wasukuma ngitili, kwa ajili ya ndama, wanyama wagonjwa na miezi ya ukame.

Kurejesha malisho

Themeda iliyotoweka ni vigumu kuirudisha kwa kupanda, na ardhi iliyoharibika kwa kawaida hupandwa Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba badala yake. Mfugaji hana budi kutambua dalili mapema: vitako kuwa vyembamba, ardhi tupu kuongezeka kati yake, na nyasi za msimu mmoja kuenea. Dalili hizo zikionekana, kitalu hupumzishwa msimu wa mvua unaofuata, wakati vitako vilivyosalia bado vina nguvu ya kuchipua.