Hewa ya Chini ya Joni

Vibarua wa migodi waliuita mji huu Joni, na baadhi yao walizungumza lugha yetu. Hadi Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, vijana wa nyanda za juu za kusini waliandikishwa na shirika lililojulikana kote kama Wenela, wakaja kuchimba dhahabu. Tunaandika juu ya hewa waliyoivuta humo. Nani aliipima, na nani aliambiwa majibu?

Kipimo kimoja maarufu kilizaliwa hapa hapa Afrika Kusini. Mwaka 1916 Robert Kotzé, mhandisi wa migodi wa serikali, alibuni konimita. Ni pampu ndogo ya mkononi: hufyonza hewa kidogo na kuitupa kwa nguvu juu ya kioo kilichopakwa mafuta. Vumbi hunasa pale, kisha chembe huhesabiwa kwa hadubini. Ilihitajika kwa sababu mwamba wa Witwatersrand una silika nyingi, na vumbi lake huyaacha mapafu na makovu yasiyopona. Kifaa kizuri, kusema kweli, na kikatumika hata nje ya nchi. Lakini hesabu ilibaki ofisini kwa wakubwa, na fidia ikagawanywa kwa rangi: mchimbaji Mzungu alilipwa zaidi ya Mwafrika.

Vumbi angalau huonekana kwenye mwanga wa taa. Mvuke wa kemikali ni jambo jingine. Kiswahili huita moshi ule wa jikoni na ule wa kiwandani, na sote tunajua unavyowasha macho. Ila monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walishuka na ndege wa kanari, ili azimie yeye kwanza. Mwaka 1937 kampuni ya Dräger ya Ujerumani ilitoa mrija wa kioo wa kuipima gesi hiyo: unavuta hewa kwa pampu, kemikali iliyomo ndani inabadilika rangi, unasoma kiwango papo hapo.

Mrija huo haukusaidii sana ikiwa hujui ukuta wako umepakwa nini. Tarehe 16 Septemba 1986, katika mgodi wa Kinross, mashariki ya Johannesburg, reli ilikuwa ikichomelewa chini ya ardhi. Moto ukashika povu la poliuretani lililofunika kuta za handaki. Povu hilo likiungua hutoa gesi za sumu, ikiwamo saianidi ya hidrojeni. Watu 177 walikufa, wengi wao kwa gesi, si kwa miali. Katika taarifa ya mgodi Wazungu walitajwa kwa majina. Waafrika waliorodheshwa kwa hesabu za makabila. Tarehe 1 Oktoba wachimbaji maelfu kwa maelfu walikataa kushuka.

Sheria ya Afya na Usalama Migodini ilikuja mwaka 1996. Kifungu cha 12 kinamlazimu mwajiri kupima, na cha 23 kinampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona hatari.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wagonjwa wa silikosisi waliofanya kazi migodini kuanzia Machi 1965. Waliorudi Tukuyu na Mbeya kabla ya hapo hawamo.