Mkono Usio na Sauti

Somo letu ni 1 Nyakati 25, mstari wa 7 na wa 8.

Hapo twasoma habari za waimbaji wa hekalu. Walikuwa 288, wote wamefundishwa kumwimbia Bwana. Zamu zao ziligawiwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Tena mwalimu hakutengewa zamu ya heshima.

Sisi watu wa Runyenjes, pamoja na jirani zetu wa Embu na Meru, tuliimba kabla ya Injili kufika. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia. Kisha CMS wakafungua kituo cha Kigari mwaka 1910, na Dkt. Clive Irvine akafika Chogoria mwaka 1922. Pamoja na shule na dawa zikaja tenzi, na baadaye kwaya za sauti nne.

Je, watu wasiojua kusoma muziki waliwezaje kuimba sauti nne? Wengi walisaidiwa na solfa: do, re, mi. Mwanzilishi wa njia hiyo ni mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili, waliokutana Hull, walimwomba mchungaji John Curwen atafute njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Curwen hakuwa fundi wa muziki. Aliichukua njia ya Glover, akairekebisha, na baadaye akaongeza ishara za mkono. Do, kwa mfano, ni ngumi. Hivyo watoto na maskini wakaweza kusoma wimbo wenyewe, na misheni zikaileta njia hiyo Afrika.

Ndugu zetu, angalieni kusudi lake. Mkono wa mwalimu uliinuliwa ili mwimbaji ajue, si ili mwalimu aonekane. Lakini tumeona mwalimu wa kwaya akificha nota katika daftari lake, na waimbaji wakikariri tu kama kasuku. Siku anapohamishwa, kwaya inanyamaza. Je, huyo alimfundishia nani?

Kuongoza kwaya ni kazi ya utumishi. Mkono unapoinuka mara ya kwanza, waimbaji huvuta pumzi. Ukiharakishwa, wataanza wametawanyika. Mkono mdogo huita sauti ya upole. Anayerusha mikono tangu ubeti wa kwanza hana cha kuongeza wimbo unapofika kileleni. Uso ukikunjamana, koo za waimbaji hukaza. Tena kiongozi huwapa washarika mgongo, na mkono wake hautoi sauti yo yote. Sifa yote hutoka vinywani mwa wengine.

Basi, mwalimu wa kwaya, wape waimbaji nota waandike. Mpe kijana mmoja nafasi ya kuongoza wimbo mmoja Jumapili ijayo, nawe usimame kati ya besi uimbe. Na sisi tunaoongoza vikundi vya akina mama, shule ya Jumapili au baraza la kanisa, tujiulize: tukiondoka leo, kazi itaendelea?

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuinua mikono yetu kwa faida ya wengine, na wimbo wako usikome tunapoondoka sisi. Amina.