Kuvu wa mizizini na harufu ya rehani

Serikali ya Prussia ilitaka kujua kama trufo, uyoga wa chini ya ardhi wenye bei kubwa, unaweza kulimwa kama zao. Kazi hiyo akapewa mtaalamu wa mimea, Albert Bernhard Frank. Kuhusu trufo hakufika mbali. Lakini kila alipochimbua mizizi ya miti ya msituni aliikuta imevikwa kuvu, na miti yenyewe haina dalili ya ugonjwa. Mwaka 1885 akatangaza kwamba kuvu hao wanaupa mti maji na virutubisho, nao mti unawalisha.

Wenzake wengi walimpinga, kwani siku hizo kuvu kwenye mmea alijulikana kwa kuleta maradhi tu. Frank aliwajibu kwa jaribio ninalolihusudu kwa urahisi wake: miche ya misonobari katika udongo wa kawaida, na mingine katika udongo uliopikwa hadi kuvu wakafa. Iliyokosa kuvu ikadumaa.

Rehani na mimea mingine mingi ina kuvu wa aina nyingine, wanaoishi ndani kabisa ya mzizi. Kuwaona kunataka subira. Mzizi huchemshwa katika maji ya potasi hadi uwe angavu, ukatiwa rangi ya buluu, kisha chini ya hadubini, ndani ya seli moja moja, hujitokeza vichaka vidogo vyenye matawi. Hapo ndipo fosforasi ya kuvu hubadilishwa kwa sukari ya mmea. Mwingereza Barbara Mosse ndiye aliyewavalia njuga kuvu hawa katika miaka ya 1950, akaonyesha kwamba huistawisha miche ya mitufaha. Mmoja wao, zamani akiitwa Glomus mosseae, alipewa jina lake.

Kuvu huyo alikuwa mmoja wa watatu waliojaribiwa kwenye rehani nchini Italia, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Aliyeongeza mafuta ya harufu zaidi alikuwa mwingine, Gigaspora rosea. Majani yalizidisha vifuko vidogo vinavyohifadhi mafuta hayo. Mwaka uliofuata watafiti wa Delhi waliona jambo kama hilo kwenye artemisia, mmea unaotoa artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, na unaolimwa Tanzania na Kenya pia: vifuko viliongezeka, na artemisinini nayo ikapanda.

Kwa hiyo, wewe unayelima rehani, mnanaa au artemisia, usikimbilie kununua kuvu wa pakiti. Watunze kwanza waliomo shambani mwako. Usizidishe mbolea ya fosfeti, kwa sababu mmea ulioshiba fosforasi huwafungia mlango. Usiache shamba tupu msimu mzima, maana bila mizizi hai hawana chakula. Na ukitoka kuvuna kabichi au sukuma wiki, jamii isiyowapokea kuvu hawa, panda kunde au mahindi kwanza, ndipo urudishe rehani.